Kiharusi mikononi mwa muuguzi: saa, joto, sukari na koo

Mgonjwa ameshushwa kwenye bajaji saa tano usiku, mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia unaning'inia. Muuguzi anauliza hali hiyo ilianza lini, na binti wa mgonjwa anajibu kama ambavyo yeyote kati yetu angejibu: "Saa mbili alikuwa mzima, tumekula naye." Muuguzi anaandika 2:00 kwenye faili. Daktari anayelisoma faili hilo kwa saa ya hospitali anaelewa kuwa ni saa nane mchana, anahesabu saa tisa zilizopita, na anahitimisha kwamba muda wa dawa ya kuyeyusha bonge la damu umekwisha. Ukweli ni kwamba zimepita saa tatu tu. Kwa hiyo jambo la kwanza katika huduma ya kiharusi ni kuandika 20:00, kwa tarakimu nne, pamoja na jina la aliyeitoa taarifa hiyo na namba yake ya simu, kwa sababu daktari atataka kuithibitisha.

Swali lenyewe pia linahitaji uangalifu. Tunachotafuta ni mara ya mwisho mgonjwa kuonekana mzima, wala si saa aliyokutwa ameanguka. Aliyelala saa nne usiku akiwa hana tatizo na kuamka alfajiri akiwa amepooza anahesabiwa tangu saa nne, isipokuwa kama kuna mtu aliyemsikia akiamka kwenda msalani saa tisa na kuzungumza vizuri. Swali hilo la nyongeza, ambalo halimgharimu muuguzi hata nusu dakika, linaweza kumrudishia mgonjwa saa tano.

Saa inabanwa hivi kwa sababu ubongo hauna akiba ya chakula wala ya oksijeni. Makadirio yanayotumika sana, yaliyochapishwa mwaka 2006, yanasema kwamba ateri kubwa ya ubongo inapoziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Hata hivyo, kuzunguka eneo lililokwisha kufa huwa kuna eneo jingine lililozimia, linalopata damu kidogo kupitia mishipa ya pembeni, ambalo bado linaweza kuokolewa. Karibu kila tunachomfanyia mgonjwa katika siku tatu za mwanzo kinalenga eneo hilo la pili.

Watu wengi huuita ugonjwa huu kupooza, lakini kupooza ni dalili moja tu kati ya nyingi. Kiharusi chenyewe kina sura mbili. Katika ya kwanza, mshipa huziba, ama kwa bonge lililoundwa palepale kwenye ukuta ulioharibiwa na presha, kisukari na mafuta, ama kwa bonge lililosafiri kutoka kwenye moyo unaodunda bila mpangilio. Katika ya pili, mshipa hupasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo au juu ya uso wake. Duniani kote kiharusi cha kuziba ndicho kilicho kingi zaidi, ingawa katika nchi zetu za Afrika sehemu ya kiharusi cha kuvuja damu ni kubwa kuliko ilivyo Ulaya. Maumivu makali ya kichwa, kutapika na kupoteza fahamu mapema humfanya mtu afikirie kuvuja kwa damu, lakini hakuna muuguzi wala daktari bingwa anayeweza kuzitenganisha sura hizi mbili kwa macho kwa uhakika wa kutosha kumpa mgonjwa dawa. Inahitajika picha ya CT, yaani ya mashine inayoonyesha ndani ya ubongo. Hapa ndipo kinapoingia kishawishi kikubwa katika hospitali isiyo na mashine hiyo, yaani kumpa mgonjwa aspirini "wakati tunasubiri". Aspirini husaidia kiharusi cha kuziba inapoanzwa ndani ya saa 48, kama tafiti kubwa mbili za mwaka 1997 zilivyoonyesha, lakini saa 48 ni muda unaotosha kumfikisha mgonjwa kwenye picha katika sehemu nyingi za nchi. Hakuna haja ya kubahatisha katika dakika ya kumi.

Katika kutambua, vipimo vitatu vya kitandani vinajulikana: uso, mkono na usemi. Mgonjwa huombwa aonyeshe meno, na upande mmoja wa uso ukibaki nyuma, huo ni ushahidi. Huombwa anyooshe mikono yote miwili akiwa amefumba macho kwa sekunde 10, na mkono unaoshuka polepole husema zaidi kuliko swali "unajisikiaje?". Kisha huombwa arudie sentensi fupi. Katika kipimo hiki cha tatu nimeona wauguzi wazuri wakikosea bila kujua: bibi aliyeishi maisha yake yote akizungumza Kisukuma au Kimasai anaulizwa kwa Kiswahili, anakaa kimya, na anaandikiwa kuwa amepoteza usemi. Kinyume chake pia hutokea, kwamba kimya cha kweli kinadhaniwa kuwa ni kutojua lugha. Mwombe ndugu aulize kwa lugha ya nyumbani, kisha usisikilize majibu ya mgonjwa peke yake, bali mtazame pia ndugu huyo usoni anaposikia maneno yasiyo na mpangilio.

Vipimo hivyo vitatu, pamoja na faida yake yote, hupitwa na kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo, ambako uso na mikono vinaweza kubaki salama kabisa. Mgonjwa wa namna hiyo huja na kizunguzungu cha ghafla, anatapika, anaona vitu viwili viwili, au hawezi kukaa wima bila kuegemea upande mmoja. Huyu ndiye anayerudishwa nyumbani na dawa ya malaria, au anayechekwa na walinzi wa getini kwamba amelewa. Mtu mzima mwenye presha aliyeanza kuyumba ghafla leo asubuhi anastahili kusimamishwa na kutembezwa hatua chache akiwa ameshikwa, kabla mtu yeyote hajaamua tatizo lake ni nini. Yupo pia mgonjwa ambaye kiharusi kimempata upande wa kulia wa ubongo, naye anasisitiza kwamba hana shida yoyote huku mkono wake wa kushoto ukiwa umelala kama si wake. Huyo hadanganyi wala si mkaidi, kwani sehemu ya ubongo ambayo ingemjulisha kwamba amepooza ndiyo iliyoumia.

Neno linalotawala katika hayo yote ni ghafla. Udhaifu ulioongezeka taratibu kwa siku au wiki kadhaa, ukiambatana na homa au kupungua uzito, hutupeleka kwingine: maambukizi ya ubongo kwa mwenye VVU, kifua kikuu cha utando wa ubongo, au uvimbe. Mgonjwa aliyetoka kwenye degedege anaweza kuwa dhaifu upande mmoja kwa saa kadhaa kisha akarudi sawa. Na yupo mwigizaji mkuu wa kiharusi, sukari ya chini, anayeweza kumpooza mtu upande mmoja na kumnyang'anya maneno kwa namna ambayo hakuna uchunguzi wa macho utakaoitofautisha. Kwa sababu hiyo kidole kinatobolewa kabla ya jambo lolote jingine lenye kuchukua muda. Sukari ikiwa chini ya 3.3 mmol/L, glukosi hupitishwa mshipani mara moja, na mara nyingine "kiharusi" huketi kitandani na kuomba maji. Watoto nao hawamo nje ya mada hii: mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, aliyeanza ghafla kuburuta mguu au kudondosha kijiko ana kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mgonjwa akishalazwa kwenye kitanda cha dharura, njia ya hewa huangaliwa kwanza, na anayekoroma na kushindwa kumeza mate hulazwa kwa ubavu. Oksijeni hupewa ambaye kiwango chake cha oksijeni kwenye damu kiko chini ya asilimia 94. Kumwekea kila mgonjwa hakuna faida, na utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulithibitisha hivyo. Dripu iwe ya chumvi ya kawaida, kwa kuwa maji ya glukosi kwa mtu ambaye sukari yake haikushuka huongeza madhara kwenye ubongo uliokwisha kuumia. Mshipa utafutwe kwenye mkono mzima.

Presha ndiyo inayowatia watu hofu kuliko vyote, na hofu hiyo imeua wagonjwa. Mashine ikisoma 200/110, mkono huenda wenyewe kwenye nifedipini ya kuweka chini ya ulimi. Dawa hiyo, kwa njia hiyo, haifai katika kiharusi, kwa kuwa huiangusha presha ghafla na kwa kiasi kisichotabirika, na lile eneo la ubongo lililozimia huishi kwa presha hiyohiyo ya juu inayosukuma damu kupitia mishipa ya pembeni. Kwa mwenye kiharusi cha kuziba asiyepewa dawa ya kuyeyusha bonge, miongozo huruhusu presha ibaki bila kuguswa katika siku ya kwanza ilimradi isizidi 220/120 na pasiwe na dharura nyingine, kama vile moyo kushindwa kufanya kazi. Anayeandaliwa kupewa dawa ya kuyeyusha hushushwa mpaka chini ya 185/110, kisha huwekwa chini ya 180/105 kwa saa 24. Kiharusi cha kuvuja damu kinataka kinyume chake, namba ya juu ya presha iletwe karibu na 140 mapema na kwa utaratibu. Nambari ileile 200 ina maana tatu tofauti kwa wagonjwa watatu, na hii ni sababu nyingine ya kuitaka picha kabla ya kuitaka dawa.

Dawa ya kuyeyusha bonge, alteplase, ilionyesha manufaa mwaka 1995 ikitolewa ndani ya saa 3, na mwaka 2008 dirisha likapanuliwa hadi saa 4.5. Kipimo chake ni miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 90, asilimia 10 ikisukumwa kwa dakika moja na iliyobaki ikipitishwa kwa saa nzima. Kwa hiyo uzito wa kukisia ni hatari: ukikisia zaidi unaongeza uwezekano wa kuvuja damu kichwani. Kwa saa 24 baada yake mgonjwa hapewi aspirini, hachomwi mshipa usiobanika kwa kidole, na akilalamika kichwa kuuma au fahamu kushuka, dawa, kama bado inapita, husimamishwa kwanza na daktari huitwa hapohapo. Nimelieleza hili kwa ufupi kwa makusudi. Hospitali zinazotoa dawa hii Afrika Mashariki bado ni chache, nyingi zikiwa mijini, na muuguzi wa hospitali ya wilaya anaweza kumaliza miaka yote ya kazi bila kuishika. Anachohitaji kukijua kwa undani ni kile kilichobaki mikononi mwake, nacho si kidogo.

Mwaka 2011 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika wodi 19 za kiharusi katika jimbo la New South Wales, Australia. Hapakuwa na dawa mpya wala mashine mpya. Wauguzi wa baadhi ya wodi walifundishwa kusimamia mambo matatu kwa saa 72 za kwanza: homa, sukari na kumeza. Katika wodi za kawaida, asilimia 58 ya wagonjwa walikuwa wamefariki au wakiwategemea wengine baada ya siku 90. Katika wodi zilizofundishwa walikuwa asilimia 42. Tofauti ya kiasi hicho, kwa kipimajoto, kipima sukari na kikombe cha maji, inazishinda dawa nyingi za gharama. Ninapowasikia wenzangu wakisema kwamba kwa mgonjwa wa kiharusi "hatuna cha kumfanyia" kwa kuwa CT iko mkoani, huwa nafikiria takwimu hizo.

Joto hupimwa kila saa nne, na likifika nyuzi 37.5 parasetamoli hutolewa bila kusubiri mzunguko wa daktari, wakati chanzo kikitafutwa, iwe malaria, mapafu au mkojo. Sukari hupimwa mara kwa mara katika siku hizo tatu, hata kwa mtu asiyejulikana kuwa na kisukari, kwa lengo la kuiweka chini ya 10 mmol/L. Kuikandamiza zaidi ya hapo hakuna faida, na hatari ya kuishusha kupita kiasi ni kubwa zaidi usiku ambapo muuguzi ni mmoja na vitanda ni arobaini.

Kumeza ndiko kunakohitaji maneno mengi zaidi, kwa sababu kosa lake hutendwa kwa upendo. Binti amefika asubuhi na chupa ya uji wa lishe, anamkuta mama yake hajala tangu jana, anamwinua kichwa na kumpa kijiko. Koo lililopooza halifungi njia ya hewa, na mara nyingine halikohoi hata kidogo. Uji huteremka kwenye mapafu kimyakimya, na siku ya tatu mgonjwa ana homa ya mapafu ambayo kila mtu ataiona kama sehemu ya kiharusi. Hivyo, kabla ya kupimwa, mgonjwa asipewe chochote mdomoni, si maji, si uji, wala si kidonge cha presha kilichopondwa, na katazo hilo liandikwe kwenye karatasi juu ya kitanda kwa maneno ambayo ndugu watayasoma.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Mgonjwa lazima awe macho, aweze kuketi wima na kukohoa anapoombwa. Kinywa husafishwa. Hupewa kijiko cha chai kimoja cha maji, muuguzi akiwa ameweka vidole kwenye koo kuhisi likipanda, kisha cha pili na cha tatu, na baada ya kila kimoja huombwa aseme "aaa". Kikohozi, maji kuvuja pembeni mwa mdomo, kupumua kubadilika, au sauti kuwa kama ya mtu anayesukutua, vyote ni kushindwa, na kipimo husimama. Akipita, hupewa kiasi kama nusu glasi na kuangaliwa kwa makini vilevile. Aliyeshindwa hupimwa tena kesho yake, kwani wengi hurudiwa na uwezo huo ndani ya wiki mbili. Akiendelea kushindwa, huwekewa mpira wa kulishia wa puani, na ndugu hufundishwa kuutumia mgonjwa akiwa ameketi, naye abaki ameketi kwa nusu saa baada ya kulishwa. Ni vizuri kumweleza binti yule sababu, badala ya kumfokea. Akielewa, atakuwa mlinzi wa kitanda hicho zamu zote tatu.

Kuhusu kumwinua mgonjwa, fikra zimebadilika. Utafiti mkubwa wa mwaka 2015 uligundua kwamba kumtoa kitandani kwa nguvu na mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi ya kupona vizuri. Baada ya siku hiyo ya kwanza vipindi vifupi vinavyorudiwa ndivyo vinavyofaa. Kugeuzwa kila saa mbili kunabaki palepale, na anayekagua visigino na makalio kila zamu huona wekundu kabla haujawa kidonda. Mkono uliopooza usivutwe kamwe wakati wa kumwinua, kwa kuwa bega lisilo na misuli inayolishikilia huteguka, na maumivu yake humfanya mgonjwa akatae mazoezi kwa miezi. Mpira wa mkojo uwekwe penye sababu, na kila asubuhi muuguzi aulize kama sababu hiyo bado ipo. Soksi za kubana miguu hazizuii damu kuganda kwa wagonjwa hawa na huweza kuwachubua ngozi. Na machozi ya mgonjwa wa wiki ya pili yasichukuliwe kuwa ya kawaida, kwani huzuni kubwa humpata karibu mmoja kati ya watatu na ina tiba.

Kuhusu kuzuia, ushahidi uko wazi kuliko matendo yetu. Utafiti uliohusisha nchi 32, Uganda na Msumbiji zikiwemo, ulionyesha mwaka 2016 kwamba mambo 10 yanayoweza kurekebishwa yanabeba takribani asilimia 90 ya hatari ya kiharusi, na presha ya juu ilikuwa ya kwanza kwa mbali. Kushusha namba ya juu ya presha kwa milimita 10 za zebaki hupunguza viharusi kwa zaidi ya robo. Hapa Tanzania, mradi uliofuatilia jamii kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta viharusi vipya 108.6 kwa watu 100,000 kwa mwaka wilayani Hai, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Mahojiano yaliyofanywa katika maeneo hayohayo yalikuta jambo ambalo wengi wasingelitarajia: Hai, kijijini, watu walikihusisha kiharusi na presha na vyakula vya mafuta, ilhali Dar es Salaam, penye hospitali kila upande, walikihusisha zaidi na mashetani na uchawi. Muuguzi asiyeuliza kwa heshima familia inaamini nini hatajua kwa nini mgonjwa alipitishwa kwingine kwa siku nne, wala atapelekwa wapi akiruhusiwa.

Wapo wawili wanaohitaji kukamatwa kabla kiharusi chenyewe hakijaja. Mmoja ni yule aliyepooza kwa dakika ishirini kisha akapona, akaenda zake akishukuru: hatari yake iko juu zaidi ndani ya saa 48 zinazofuata, na anastahili kushughulikiwa kama dharura leo hii. Mwingine ni mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambaye mashine ya presha ya umeme haimfichui vizuri kama vidole viwili kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima.

Siku ya kuruhusiwa, kikwazo kikubwa huwa ni kwamba mgonjwa anaamini dawa za presha humezwa mpaka dozi iishe, kama za malaria. Presha ikisoma vizuri anaacha, na anaacha kwa sababu ya mafanikio yake mwenyewe. Mazungumzo ya kuaga yaanzie hapo, pamoja na bei ya dawa kwa mwezi na duka la karibu linalokuwa nazo, kabla ya kufika kwenye chumvi, sigara na matembezi. Kisha, wakati binti anamfunga mama yake kanga na dereva wa bajaji anapiga honi nje, mwombe binti aketi dakika tano, umpime na yeye presha. Mzazi wake ana kiharusi, na huenda yeye hajawahi kupimwa.